Ekspoja ni nini, na kwa nini uso hutoka mweusi mbele ya ukuta mweupe

Ekspoja ni kiasi cha mwanga kinachofika kwenye kihisi cha kamera wakati picha moja inapigwa. Mwanga ukizidi, picha inaungua: anga linabaki jeupe tupu, na kanzu inapoteza mikunjo yake na darizi ya shingoni. Ukipungua, nyuso zinazama gizani na nywele zinaungana na ukuta wa nyuma. Wengi wanaoanza kupiga picha hulaumu simu na kutamani ile yenye kamera tatu mgongoni, ilhali mara nyingi kasoro ni ya ekspoja, na inarekebishika kwa kidole kimoja kabla picha haijapigwa.

Vitu vitatu huamua picha itakuwa na mwanga kiasi gani. Kwanza ni tundu la lenzi. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi f na namba, kama f/1.8 au f/8, na namba ikiwa ndogo ndipo tundu linapokuwa pana. Pili ni muda ambao shata, yaani kilango kinachopitisha mwanga, inakaa wazi: sekunde 1/1000 hugandisha mpira ukiwa hewani, lakini sekunde 1/15 huacha mkono unaopunga ukiwa na ukungu. Tatu ni ISO. Hii kwa kweli haiongezi mwanga wowote. Inakuza tu ule uliokwisha kupokelewa, na pamoja nao inakuza uchafu. Ndiyo maana picha ya usiku iliyopigwa kwa ISO 3200 kwenye simu ya kawaida hujaa chembechembe.

Kipimo cha ekspoja huitwa stopu. Kupanda stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, kushuka stopu moja ni kuupunguza nusu. Kutoka sekunde 1/100 kwenda 1/50 ni stopu moja juu. Kutoka ISO 200 kwenda 100 ni stopu moja chini. Kutoka f/2 kwenda f/2.8 nayo ni stopu moja chini, ingawa namba haielekei hivyo. Kwa sababu vyote vitatu vinapimwa kwa stopu, ukipunguza kimoja unaweza kufidia kwa kingine. Wapigapicha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni ya kichwani iliyotokana na hesabu hiyo: kwenye jua kali lisilo na wingu, weka f/16, kisha muda wa shata uwe sekunde moja ukigawanya kwa ISO ya filamu yako. Filamu ya ISO 100 ilipigwa kwa sekunde 1/100 au kasi iliyo karibu yake, hata bila kipima mwanga, na kanuni hiyo inafanya kazi hadi leo.

Kwenye simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki. Simu inacheza na muda wa shata na ISO tu. Hivyo giza likiingia haina njia ila kurefusha muda, na hapo mkono ukitikisika picha inaharibika, au kupandisha ISO, na hapo chembechembe zinaingia. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kuegemeza simu kwenye nguzo au ukingo wa ukuta kunasaidia sana jioni pale Forodhani, kuliko kubadilisha programu ya kamera mara tatu.

Sasa kiini cha jambo. Kamera hupima mwanga bila kujua inatazama nini. Tangu zamani vipima mwanga vimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba ukichanganya weupe na weusi wote ulio mbele ya lenzi, wastani wake utakuwa kijivu cha kati, na kipimo kinachotumika sana kwa kijivu hicho ni kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mandhari ya kawaida yenye majani, udongo, watu na nyumba hukaribia wastani huo, kwa hiyo kamera hupatia. Shida inaanza mbele ya lenzi pakitawaliwa na rangi moja.

Mpige mtu aliyevaa kanzu nyeupe, kanzu ijaze fremu. Kamera itaona weupe mwingi, itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na kanzu itatoka ya kijivu kana kwamba haijafuliwa. Mpige mwanamke aliyevaa buibui, na kamera itafanya kinyume: itaona weusi, itaongeza mwanga, buibui itapauka na mikono yenye hina itaungua. Kwa hiyo marekebisho yanakwenda kinyume na tunavyodhani. Mbele ya kitu cheupe unaongeza ekspoja, mbele ya kitu cheusi unaipunguza. Mara nyingi stopu moja inatosha. Kwenye kanzu iliyochapwa na jua unaweza kusogea hadi moja na nusu, lakini nenda taratibu usije ukauunguza weupe wenyewe. Ukielewa jambo hili moja umeelewa sehemu kubwa ya ekspoja, na ningependa kila anayeanza alijaribu nyumbani kwa taulo jeupe na sketi nyeusi kabla hajasoma kitu kingine.

Turudi kwenye uso na ukuta. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kama zilivyo kuta nyingi za Lamu na Mji Mkongwe, kamera inapima ukuta kwa sababu ndio ulioijaza fremu. Inapunguza mwanga ili ukuta uwe kijivu, na uso unashuka nao hadi macho hayaonekani. Mtu yuleyule akisogezwa karibu mpaka uso wake ndio unaojaza fremu, kamera inaongeza mwanga ili ngozi iwe kijivu cha kati, na ngozi inapauka. Makosa mawili yanayoonekana kupingana yametoka kwenye kipimo kimoja kisichojua kinamtazama nani.

Simu za siku hizi zimejitahidi. Nyingi hutambua uso, na nyingi hupiga fremu kadhaa kwa mwanga tofauti kisha kuziunganisha ili anga na uso vyote vionekane. Lakini mtu akigeuka ubavu, akiwa mbali, akivaa kofia pana au akisimama dirishani mwanga ukiwa mgongoni kwake, msaada huo hupungua au hupotea kabisa. Ndipo kidole kinapohitajika. Gusa uso wa mtu kwenye skrini: simu itapima pale ulipogusa. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua au mstari mdogo. Buruta juu kuongeza mwanga, buruta chini kupunguza. Ukishikilia kidole kwa sekunde moja au mbili kipimo hufungwa, na hapo unaweza kupanga fremu upya bila simu kubadilisha mawazo. Kwenye iPhone yataonekana maandishi AE/AF LOCK. Fanya hivyo kila unapopiga picha kadhaa za mtu mmoja mahali pamoja, la sivyo kila picha itatoka na mwanga wake na kazi ya kuhariri itakuwa maradufu.

Unapoamua kipimo, uso ndio uwe hakimu. Anga likiungua kidogo nyuma ya bibi yako aliyeketi barazani, hakuna atakayeuliza habari za anga. Uso ukipotea, picha haina kazi. Hapo mimi sina mashaka hata kidogo.

Ngozi zetu zina historia yake katika jambo hili, na kila mpigapicha wa Afrika Mashariki anastahili kuifahamu. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mfano iliyokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na fundi alirekebisha rangi za mashine mpaka ngozi ile itoke sawasawa. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Weusi waliopiga picha pamoja na Weupe walijikuta wamebaki meno na macho tu kwenye karatasi. Malalamiko ya kampuni za kutengeneza chokoleti na samani za mbao, ambazo nazo hazikuridhika na jinsi rangi za kahawia zilivyotoka, yalichangia filamu kuboreshwa, na katika miaka ya 1990 Kodak ikatoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Mwaka 2021 Google nayo ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo ilioutangaza kuwa unapima ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo ukiona uso wa mwanao umetoka kama kivuli, ujue si ngozi yake iliyo ngumu kupigwa picha. Kipimo hakikuwekwa kwa ajili yake.

Na ekspoja sahihi haimaanishi kumfanya mtu awe mweupe. Nasisitiza kwa sababu vichujio vingi vya urembo kwenye simu hufanya hivyo kimyakimya: vinapandisha mwanga wa ngozi, vinafuta vinyweleo, na bibi harusi anapewa albamu ya mtu mwingine. Ngozi nyeusi iliyopimwa vizuri ina mng'ao kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu, ina kahawia au wekundu wake, na ina vivuli. Mng'ao ule ndio unaoupa uso umbo. Zima kichujio cha urembo kabla hujaanza kazi.

Mwanga wenyewe nao una saa zake. Pwani yetu iko karibu na mstari wa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa na utosi. Wakati huo macho ya mtu huzama kwenye vivuli viwili vyeusi huku pua ikiungua, na hakuna kipimo kimoja kitakachoviridhisha vyote, kwa kuwa tofauti ya mwanga na giza imezidi uwezo wa kihisi. Msogeze mtu chini ya baraza au mwembe, karibu na ukingo wa kivuli, uso ukielekea kule kwenye mwanga. Karatasi nyeupe ya manila au shuka jeupe likishikwa chini ya kidevu, nje ya fremu, hurudisha mwanga machoni. Gharama yake ni ndogo na matokeo yake yanaonekana papo hapo. Ukiweza kusubiri, saa kumi na moja na nusu jioni jua huwa chini na laini. Ila jiandae mapema: huku kwetu jua likishazama giza huingia haraka, dakika ishirini hivi tu.

Tukija kwenye kuhariri, jambo la kwanza ni kujua kipi kinaweza kuokolewa. Picha ya JPEG, aina ya faili ambayo kamera na simu nyingi huitumia kwa kawaida, huhifadhi ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, kutoka weusi kabisa hadi weupe kabisa. Sehemu iliyofika mwisho wa weupe haina tena habari yoyote ndani yake. Ukiipunguzia mwanga utapata kijivu kitupu, na darizi ya kanzu hairudi. Giza lina huruma kidogo: kivuli kinaweza kuinuliwa na maelezo yakatokea, ingawa chembechembe zitatokea nayo. Kwa hiyo kama huna hakika na picha ya JPEG, afadhali ipungue mwanga kidogo kuliko iungue. Kamera yako, au simu yako, ikiruhusu kupiga faili ghafi (RAW), zenye ngazi 4,096 au hata 16,384, zitumie kwa picha muhimu. Zinakula nafasi, lakini nafasi ya kurekebisha ni kubwa mno.

Kwenye programu za kuhariri kama Snapseed, ambayo ni ya bure, au Lightroom ya simu, usikimbilie kitelezi kinachopandisha mwanga wa picha nzima. Anza kwa kupunguza sehemu zenye mwanga mkali, kisha inua vivuli kidogo, kisha ndipo uangalie kama picha nzima inahitaji kuguswa. Ukiinua vivuli kupita kiasi picha inakuwa bapa, kila kitu kinang'aa sawa na hakuna kinachoonekana kiko mbele wala nyuma. Mara nyingi kinachohitajika ni uso peke yake. Snapseed ina kifaa cha kuchagua sehemu: unaweka nukta usoni, unapanua duara hadi lifunike uso, unaongeza mwanga pale tu. Ongeza kidogo, ondoa kidole, tazama, kisha linganisha na picha ya mwanzo. Uso ukianza kuonekana umebandikwa, umevuka mpaka, rudi nyuma.

Usiamini mwangaza wa skrini yako. Kwenye jua skrini hujiongezea nguvu na picha yenye giza inaonekana nzuri; usiku kitandani picha hiyohiyo inaonekana kali. Tazama histogramu badala yake, ule mchoro mdogo wa vilima unaoonyesha picha ina weusi kiasi gani upande wa kushoto na weupe kiasi gani upande wa kulia. Kilima kikigonga ukuta wa kulia, kuna sehemu imeungua. Kikirundikana kushoto, picha ni ya giza, isipokuwa kama umepiga usiku na ulitaka iwe hivyo.

Hariri faili la asili daima, si nakala iliyopita WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana picha, na picha iliyobanwa ukiinua vivuli vyake hutoa mabaka ya miraba kwenye mashavu. Mtu akitaka kukutumia picha uirekebishe, mwambie aitume kama dokumenti, si kama picha, nawe ukimaliza umrudishie kwa njia hiyohiyo.