Je, mwanagenzi wa uhasibu hutumwa chai tu?

Wengi huamini kwamba kijana anayejifunza uhasibu kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi hutumwa chai na fotokopi hadi mkataba uishe. Fotokopi zipo, tusidanganyane. Lakini pia hulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kufuatilia sampuli ya ankara mpaka kwenye hati za kupokelea mzigo. Mwaka wa hesabu ukifungwa, huenda akajikuta ghalani, vumbi la saruji puani, akihesabu upya baadhi ya mifuko mbele ya mtunza stoo. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 501 humtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu bidhaa, thamani ya bidhaa hizo ikiwa kubwa kiasi cha kuathiri hesabu za kampuni. Ukitaka kuhakikisha, soma majukumu kwenye matangazo ya nafasi, kisha waulize waliopitia huko wiki yao ilikwendaje.