"Zamani watu waliishi miaka mia." Na waliozikwa wachanga je?

Haipiti wiki kliniki bila kuyasikia. Mama kaleta mtoto wa miezi 9 kwa sindano ya surua, bibi yuko nyuma yake, na bibi anasema: zamani watu waliishi miaka mia bila sindano wala vidonge, haya maendeleo yenu ndiyo yanayotumaliza. Hata vijana waliosoma wanayarudia. Nimeyachoka, kwa sababu kuna watoto wanaokosa chanjo kwa maneno hayo.

Mwezi uliopita bibi mmoja aliyasema huku nimeshika kadi ya mjukuu wake. "Shikamoo bibi. Ulijaliwa watoto wangapi?" Tisa, mwanangu. "Wote wapo?" Akaanza kuwataja, kila asiyekuwepo akikunja kidole. Wa tatu, surua. Wa tano alikakamaa akiwa na siku saba, akashindwa kunyonya: hizo ni dalili za pepopunda, ambayo leo tunaizuia kwa kumchanja mama akiwa mjamzito. Wa sita na wa nane, homa. Vidole vinne. Akanyamaza, kisha akampakata mjukuu mwenyewe ili nimchome.

Wanne hao hawakuwa kwenye hesabu yake ya watu wa zamani, na hapo ndipo tunapokosea wote. Babu aliyefika miaka 90 tulimwona, tukala naye sahani moja. Ndugu zake waliokufa kabla ya kuota meno hatujui hata majina yao. Chukua watoto kumi: wanne wafe na mwaka mmoja, sita wafike 70. Wastani wao ni miaka 42 tu. Ndiyo maana wastani wa umri wa kuishi Tanzania miaka ya 1960 ulikuwa arobaini na kitu, na leo umeshapita 60. Wazee walikuwepo tangu enzi hizo. Kilichopungua zaidi ni makaburi ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa 2022 ulikuta 43. Bado ni wengi mno, lakini linganisha.

Na ndui? Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba imekwisha. Chanjo ndiyo iliyoimaliza.

"Sukari na presha ni magonjwa ya maendeleo." Kuna ukweli hapa, sitauficha: soda kila siku, chipsi, kutwa tumekaa. Lakini pia hayo mara nyingi ni magonjwa ya ukubwani, humpata aliyenusurika utotoni. Na zamani nani alipimwa presha? Mtu alianguka shambani, ikasemwa karogwa. Ukifika miaka 40, pima kila mwaka hata kama hujisikii chochote.

"Mitishamba haina madhara, ni ya asili." Kwinini, dawa ya malaria, ilitoka kwenye gome la mti, na artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria ilitoka kwenye mmea. Kilichoongezwa ni kipimo. Majani yaliyochemshwa kwa kukisia hayana kipimo.

"Usugu wa dawa unaonyesha dawa za kisasa ni mbaya." Vijidudu kuizoea dawa ni madhara ya kweli, na yananiuma kuliko yote. Klorokwini ilijaa kila nyumba, hadi Tanzania ikaiacha mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vya malaria vilishaizoea. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya tangu mwaka 1945 kuwa dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuistahimili dawa. Dawa haikukosea, sisi ndio tunaoichezea. Mafua huletwa na virusi, hayasikii antibiotiki, dawa za kuua bakteria, hata kidogo, lakini kila siku watu wananunua vidonge vinne vya rangi mbili dukani, wanameza viwili na kuweka viwili kabatini. Tafadhali, usinunue hivyo. Na wewe muuzaji, usimkatie.