Meli ya Kwanza ya Utafiti Haikuwa ya Cook wala ya Darwin

Wengi wameaminishwa kwamba meli ya kwanza ya utafiti wa kisayansi ilikuwa Endeavour ya James Cook, au Beagle iliyombeba Charles Darwin. Ukweli ni kwamba Endeavour ilianza maisha yake ikisafirisha makaa ya mawe, na Beagle, iliyoshushwa majini mwaka 1820, iliundwa iwe ya kivita.

Mapema zaidi, mwaka 1694, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limekwisha kuunda huko Deptford jahazi dogo la Paramore, lenye urefu wa takribani mita 16 tu, mahususi kwa ajili ya sayansi. Nahodha wake alikuwa mwanaastronomia Edmond Halley, yule wa nyotamkia, ambaye katika safari za 1698 hadi 1700 alipima katika Atlantiki ni kwa kiasi gani sindano ya dira hupotoka kutoka kaskazini halisi. Safari ya kwanza ilikatizwa na utovu wa nidhamu wa luteni wake. Katika ya pili alifika kusini hadi kwenye milima ya barafu, na karibu na kisiwa cha Newfoundland, Kanada ya leo, wavuvi wakamfyatulia risasi wakimdhania haramia. Ramani yake ya 1701 iliunganisha kwa mistari sehemu ambazo sindano ya dira hupotoka kwa kiasi sawa.