Homoni ya ukuaji kwa mtu mzima: kabla hujadunga, soma hapa

Swali: Mtu mzima ashamaliza kurefuka, hii homoni inafanya nini tena?

Jibu: Kurefuka basi, na hakuna sindano ya kukurefusha maana mifupa ishafunga. Ila tezi ya pituitari, kadude kadogo chini ya ubongo, inaendelea kuitoa maisha yako yote, kwa mikupuo, na mkubwa zaidi huja ukishazama usingizini. Inayeyusha mafuta mwili uyatumie, inalinda misuli, na ukikaa na njaa inazuia sukari isishuke ovyo.

Swali: Si ndo maana watu wa jimu wanaidunga, kitambi kiishe misuli ije?

Jibu: Hiyo ni nusu ya habari. Homoni hiyohiyo inapingana na insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, yaani misuli inagoma kupokea sukari, ini nalo linazidi kuimwaga kwenye damu, kongosho linahangaika kutoa insulini zaidi mpaka linaelemewa. Na huo mwili unaoujaza pale mwanzoni mwingi ni maji, maana inazuia chumvi na maji visitoke, ndo unaona vidole vimevimba na viganja vinakufa ganzi halafu mtu anapiga picha anafurahi.

Swali: Lakini si kitu cha asili, mwili unakitengeneza wenyewe?

Jibu: Cha asili ni kweli, ila salama hapana. Insulini nayo ni ya asili na ukizidisha dozi inaua. Narudia, hapana, kuwa ya asili hakuifanyi salama. Wanaoandikiwa na daktari ni wale waliopimwa ikaonekana tezi haitoi ya kutosha, na wanafuatiliwa kwa vipimo. Kama ni wewe, usiache dawa kwa sababu ya maneno yangu.

Swali: Nadunga, siku hizi nina kiu kali na usiku naamka kukojoa kila saa. Wenzangu wanasema mwili unajisafisha.

Jibu: Mwili haujisafishi jamani! Hiyo ni dalili ya sukari, kapime leo, si ukimaliza chupa, si mwezi ujao. Sukari ya asubuhi kabla hujala ikifika 7.0 mmol/L hapo tunazungumzia kisukari, na kipimo kinarudiwa kuhakikisha. Ukianza kutapika, kuhema haraka au kuchanganyikiwa, usisubiri hata kukuche, nenda emajensi. Na sema ukweli unachodunga, tunapoteza muda mwingi kubahatisha wakati kichupa unacho mfukoni.

Swali: Mimi sijawahi kudunga, ila pete haiingii tena, viatu naongeza saizi, na taya kama linatoka mbele.

Jibu: Usiseme umenenepa tu. Mara nyingi ni uvimbe kwenye pituitari, sio kansa, unaomwaga homoni kupita kiasi, na wengi wanakuja baada ya miaka, sukari na presha zishapanda. Nenda na picha zako za zamani daktari alinganishe sura. Kipimo cha kuanzia ni cha damu kinaitwa IGF-1, kinapima kitu ambacho mwili unakitengeneza kwa amri ya homoni hii na hakiyumbiyumbi, maana homoni yenyewe inapanda na kushuka, ukiipima mara moja tu jibu linaweza kukudanganya.