Je, wajua kwa nini kirusi kinachopeleka jeni hakizaliani ndani ya seli?

Kigoma tuna sokwe wa Gombe, na baadhi yao wana SIVcpz, ndugu wa VVU. VVU-1 iliyoenea duniani ilitokana na sokwe wa Kameruni, si hawa wetu, lakini habari hiyo inatosha kumshtua mwanafunzi wa hapa akisikia kwamba tangu 1996 watafiti hutumia VVU iliyofumuliwa kuingiza jeni kwenye seli za maabara.

Kumtuliza, wengi humwambia kirusi hicho kimedhoofishwa kama cha chanjo ya surua. Sivyo. Kirusi cha chanjo ya surua ki hai na huzaliana, ila kinyonge. Hiki cha maabara hakizaliani kabisa, ilhali nguvu yake ya kuingia kwenye seli haijapunguzwa. Tena huongezwa: huvikwa protini ya nje ya VSV, kirusi cha mifugo, inayopenya seli za aina nyingi mno. Kilichoondolewa ni maelekezo ya kujiunda.

Kifananishe na boti iliyoundwa ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma. Mafundi wanabaki nchi kavu; abiria wanaopanda ni wenye tiketi tu. Ikifika kijijini inashusha mzigo, basi. Boti ya pili haiundwi kule, maana hakuna fundi aliyesafiri. Ufukwe wa maabara ni seli za HEK293T, seli za binadamu zinazofugwa maabara, ambazo hupewa vipande vinne vya DNA: vitatu vya kuunda kirusi, cha nne ndicho chenye jeni ya kusafirishwa. Tiketi ni ishara fupi iitwayo psi, nayo imo kwenye hicho cha nne peke yake.

Vibarua wa kushusha mzigo, yaani vimeng'enya, husafiri vikiwa tayari. Kimoja hugeuza RNA, yaani nakala ya kipande cha nne iliyosafirishwa, kuwa DNA, kingine huipachika kwenye kromosomu ya seli. Jeni ikiwa ile ya kung'aa ya samaki jeli Aequorea victoria, baada ya siku chache seli zikimulikwa mwanga wa buluu hutoa kijani, na watoto wao pia. Inapendeza ajabu.

Ila kutozaliana si kutodhuru. Mahali pa kujipachika hapachaguliwi. Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kirusi cha jamii hiyo kilichotokana na cha panya kiliwatibu watoto wasio na kinga, kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu, kwa sababu jeni ilitua jirani na LMO2, jeni ya seli yenyewe inayoweza kuleta saratani, na kuiamsha.