Kwa nini majani ya mti mmoja hayalingani

Ukiingia msitu wa Karura, Nairobi, baada ya upepo mkali, tafuta tawi la mti wa mukinduri lililovunjika kutoka kileleni, ulinganishe majani yake na yale ya matawi ya chini yenye kivuli. Aghalabu ya juu ni madogo na mazito. Ya chini ni mapana na mepesi. Wanabotania huyaita majani ya jua na majani ya kivuli. Mti ni ule ule.

Umbo la jani ni jumla ya ukubwa wake, uwiano wa urefu na upana, ukingo, ncha, na kama ni bamba moja au limegawanyika vijani. Ukubwa peke yake hutofautiana mno. Mwanabotania wa Denmark, Christen Raunkiær, aliyapanga majani ya dunia katika madaraja 6: la kwanza linaishia milimita 25 za mraba, la pili 225, la tatu 2,025, kila mpaka ukiwa mara 9 ya uliotangulia.

Chini ya miti mirefu mwanga ni haba, hivyo jani hutanuka ili kuunasa. Mbona basi yasiwe mapana yote? Tatizo ni joto. Kila jani limefunikwa na tabaka jembamba la hewa tulivu, na kadiri bamba linavyopanuka ndivyo tabaka hilo linavyonenepa na kuzuia joto lisitoke. Jani pana likikaa juani hulazimika kujipoza kwa kuvukiza maji, na Januari au Februari Nairobi maji hayo ni ya kubania. Jani dogo hupozwa na upepo tu. Mzeituni mwitu, yaani mutamaiyu, una majani membamba, magumu, yenye vigamba upande wa chini vinavyopunguza upotevu wa maji.

Njia nyingine, ambayo mimi naiona ya werevu zaidi, ni kugawanyika. Jani moja la jakaranda huweza kuzidi sentimita 30, lakini vijani vyake ni vidogo sana, kwa hiyo linapata eneo kubwa bila kushikilia joto. Ukitaka kujua jani zima linaanzia wapi, tafuta chipukizi: hukaa kwapani, kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Vijani havina chipukizi kwapani mwao.

Baridi nayo ina sauti. Mwaka 2017, mtafiti wa mimea Ian Wright na wenzake walichunguza spishi 7,670 na kuonyesha kwamba sehemu nyingi duniani ni ubaridi wa usiku, si joto la mchana, unaoweka kikomo cha ukubwa wa jani. Jani pana hupoteza joto usiku wa mbingu wazi na huweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, likaunguzwa na jalidi. Ndiyo maana senesio wakubwa wa Mlima Kenya, mimea yenye majani mapana ajabu, huyakunja usiku kukizingira chipukizi cha katikati kisigande.