Kukeri: wavaa vinyago wa Bulgaria kabla ya Kwaresima

Kukeri ni wanaume wa vijijini, hasa mashariki na kusini-mashariki mwa Bulgaria, ambao siku za mwisho kabla ya Kwaresima ya Waorthodoksi, au siku yake ya kwanza, huvaa vinyago na ngozi za mbuzi au kondoo, hujifunga kengele nzito kiunoni, kisha hupita nyumba kwa nyumba. Kazi yao ni kufukuza mabaya ya majira ya baridi na kuiombea ardhi rutuba, mifugo uzazi na kila kaya afya. Mila yenyewe nayo huitwa kwa jina hilohilo.

Siku hizi mitandaoni, picha yoyote ya Mbulgaria aliyejaa manyoya mwili mzima huandikwa "kukeri". Hapo ndipo wengi hupotea. Nchi hiyo ina mila kadhaa za vinyago, na kila eneo lina jina lake, tarehe yake na mchezo wake. Anayetaka kujua anaangalia nini aulize kwanza mambo mawili: ni wapi, na ni lini.

Kukeri wa mashariki, wa uwanda wa Thrace na milima ya Strandzha, hufuata Pasaka. Wiki saba kabla ya Pasaka ya Kiorthodoksi kuna Jumapili iitwayo Sirni Zagovezni, siku ya mwisho ya kula jibini, maziwa na mayai. Nyama huwa imekwisha kuachwa wiki moja kabla. Mwaka 2025, kwa mfano, Pasaka hiyo ilikuwa 20 Aprili, hivyo Sirni Zagovezni ikawa 2 Machi. Jioni yake wadogo huwaomba wakubwa msamaha, moto huwashwa na vijana huuruka, na kipande cha halua huning'inizwa kwa uzi ili watoto wakidake kwa mdomo bila kutumia mikono. Kukeri hutoka siku hiyo au Jumatatu inayofuata, siku ya kwanza ya Kwaresima, kutegemea kijiji.

Kengele ndizo zinazosikika kwanza. Kama zilivyo njuga kwa mcheza ngoma, mlio hutoka kwenye mwendo wa mwili, ila hizi ni kengele za mifugo, za shaba ya kumimina au za bati la kufua, na zikijumlishwa na ngozi mtu hubeba makumi ya kilo huku akirukaruka. Watu huamini kwamba kelele hizo ndizo zinazotimua pepo wabaya, na kinyago humficha mvaaji wasimtambue.

Lakini moyo wa mila hii, kwa maoni yangu, ni kilimo. Baada ya kuzunguka nyumba zote, kundi hukusanyika uwanjani. Wamo mfalme, "bibi kizee" ambaye ni mwanamume aliyevaa gauni, na wengine wa kuchekesha watu. Kukeri wawili hufungwa nira mithili ya maksai na kuvuta plau, ardhi hupigwa mifuo mitatu, kisha mfalme hurusha mbegu za nafaka akitamka heri ya mavuno. Chombo cha mbegu kikiisha hutupwa: kikitua kwa kitako, mwaka utakuwa wa shibe. Katika baadhi ya vijiji mmoja wao "huuawa" papo hapo, akalala chini, kisha akafufuka na mchezo ukaendelea. Ukitazama haya yote na kukumbuka kwamba theluji inaanza kuyeyuka na mkulima anakaribia kurudi shambani, mchezo mzima unaeleweka bila mkalimani.

Ukienda magharibi, mkoa wa Pernik, unakutana na mila nyingine. Wavaa vinyago wa huko ni survakari, na hawangoji Kwaresima. Hutoka usiku wa 13 Januari na asubuhi ya 14, yaani mwaka mpya wa kalenda ya zamani, siku ya Mtakatifu Vasil. Usiku huwasha moto katikati ya kijiji. Asubuhi hupita majumbani na bwana na bibi harusi wa mchezo, padri na dubu, wakifungisha ndoa za utani na kupokea chakula na zawadi. Sherehe hii, Surova, iliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tarehe hizo mbili zina sababu. Bulgaria ilihamia kalenda ya sasa mwaka 1916, na Kanisa lake likafuata mwaka 1968 kwa sikukuu zenye tarehe maalumu, huku Pasaka ikiachwa katika hesabu ya kale. Vijiji vya Pernik vilibaki na siku yao ya zamani, na kukeri wakaendelea kuhamahama na Pasaka.

Kuna na wengine. Razlog na Bansko, kusini-magharibi, hutoka 1 Januari: Razlog wana chaushi, Bansko wana babugeri, wote wa manyoya marefu ya mbuzi, na vinyago vyao huchongoka juu sana. Shiroka Laka, katika milima ya Rhodope, wana siku yao mwanzoni mwa Machi. Kule Rakovski, mji wa Wakatoliki karibu na Plovdiv, wavaa vinyago huitwa kukove.

Wataalamu wengi wamehusisha mila hizi na ibada za Dionysus, mungu wa divai, za Wathrakia, watu wa kale wa eneo hilo. Kufanana kupo, hasa katika kufa na kufufuka, lakini hoja hiyo inategemea ulinganisho, maana karne nyingi zimepita katikati. Mimi naona inatosha kusema ni mila za wakulima zilizokubali kuishi ndani ya kalenda ya Kanisa.

Tangu 1966 mji wa Pernik huandaa tamasha la Surva mwezi Januari, ambapo makundi ya kila eneo hushindania tuzo. Limefanya kazi kubwa: vijana, na sasa wanawake pia, wana sababu ya kushona mavazi na kujifunza mlio wa kengele za kwao. Ila pale kukeri wa Thrace huonekana wiki nyingi kabla ya siku yao, wakipita barabarani mbele ya majaji. Anayetaka kuona plau ikivutwa na mbegu zikirushwa asubiri Sirni Zagovezni, aende vijiji vya mkoa wa Yambol, kusini-mashariki, au vya Strandzha.